Uzito Unasemwa Sikioni

Tulipofungua sanduku la mama baada ya msiba kwisha, shangazi alitoa kitu kidogo cheusi kutoka chini kabisa, chini ya vitenge na shuka za wageni, akakinyanyua kwa vidole viwili. Kilikuwa kipande cha kaniki kilichoshonwa kama kaptula ya mtoto, lakini kaptula ya ajabu, maana kiunoni kilikuwa na vitanzi vinne virefu vya kitambaa. "Hiki nacho ni nini?" aliuliza. "Mfuko wa mbegu?" Wanawake waliokuwa wakigawana nguo walicheka kidogo, kicheko cha watu waliolia sana wakachoka. Mimi nilikichukua nikakinusa. Kilinuka moshi na samli, au labda ni pua yangu tu iliyotaka kinuke hivyo.

Mdogo wangu Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa kwa sababu ya fremu. Nikamwonyesha. "Suruali yako hii," nilimwambia. Aliiangalia, akaniangalia mimi, akajaribu kuingiza ngumi yake mguu mmoja, ikagoma. Hapo na mimi nikacheka, halafu nikatoka nje nikakaa peke yangu nyuma ya jiko.

Watu wa rika langu mnaijua kaptula ile. Ni ya kumning'inizia mtoto kwenye mizani siku ya kliniki. Zahanati yetu ilikuwa na zake mbili tatu, lakini zilichanika, na mtoto akivuliwa anayefuata anavalishwa ikiwa bado ina mkojo wa mwenzake. Nesi akachoka akasema kila mama aje na ya kwake. Wengine walishona za vitenge, zenye maua. Mama yangu alikata kaniki yake, ile nyeusi ya heshima, na mimi nilimshikia uzi.

Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walikuja Katavi na ng'ombe wao kutoka kaskazini kabla mimi sijazaliwa, wakajenga nje ya kijiji, upande wa Kasokola, mahali ambapo miombo ilikuwa bado mingi na majirani wachache. Nyumbani kwetu hakuhesabiwi. Jioni ng'ombe wakirudi, baba alisimama kwenye lango la zizi akitazama rangi tu: mwekundu, mweupe wa madoa, yule wa kijivu mwenye pembe moja. Akikosekana mmoja alijua papo hapo, lakini hukuweza kumsikia akisema moja, mbili, tatu. Mgeni akimuuliza ana ng'ombe wangapi, alijibu, "Zipo." Akimuuliza watoto, "Wapo." Kwetu ukitaja idadi kwa sauti unakuwa umeyaita macho ya watu, na macho ya watu hayana huruma. Mimi mwenyewe mpaka leo karani akiniuliza nina watoto wangapi ninasita kidogo kabla ya kujibu, na ananiona mshamba.

Sasa mchukue mtoto aliyelelewa hivyo halafu umpeleke kliniki.

Mizani nilikuwa nimeiona mara moja tu, mnadani. Baba aliuza dume, wachinjaji wakalichinja pale pale, na nyama ikaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani ya duara yenye mshale. Ndoano ililia, mshale ukatikisika, muuzaji akapaza sauti kutaja kilo, na mtu mmoja akalipa akaondoka na mguu wa dume letu begani. Nililifahamu lile dume. Nililichunga. Basi nikajifunza, kwa akili yangu ya mtoto ambaye hata darasa la kwanza hajaanza, kwamba chochote kinachoning'inizwa kwenye mizani na kutajiwa kilo kinauzwa, na chenye kilo nyingi ndicho kinachokimbiliwa.

Siku ya kwanza niliyofuatana na mama kliniki, nilimbeba Nkwabi mgongoni njia nzima. Alikuwa mdogo wangu wa pekee na mgongo wangu ulikuwa nyumba yake. Zahanati ilikuwa na kibaraza kirefu, wanawake wamekaa chini miguu imenyooshwa, Wabende, Wakonongo, Wafipa, wajawazito wakisubiri vyandarua, watoto wakilia chumba cha sindano. Kulinuka spiriti na maziwa ya watoto. Na kwenye boriti ya kibaraza, mbele ya watu wote, palikuwa pamening'inia ile ile mizani ya mnadani. Duara, mshale, ndoano.

Nesi aliitwa Adela. Alikuwa mfupi, mwenye raba nyeupe na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Sauti ile ilikuwa na kazi yake: yeye alipima nje kibarazani, na mwenzake alikaa ndani karibu na dirisha akijaza kadi, kwa hiyo nesi alitaja kilo kwa nguvu ili mwenzake asikie. Na wote tulisikia. Mtoto akiwa ameongezeka, wanawake walipiga vigelegele. Mtoto mnene wa mama mmoja wa Kifipa alipotajiwa kilo zake mpaka wajawazito wakasimama kumwangalia, nilimwonea huruma yule mama. Nikasema moyoni, huyo leo harudi nyumbani na mtoto.

Wakamvalisha Nkwabi kaptula ya kaniki, wakampachika. Ndoano ikalia. Alining'inia akiangalia miguu yake mwenyewe, hata hakulia, na hilo lilikuwa jambo baya ingawa sikulijua.

"Kilo sita na robo!" nesi alipaza sauti, akimwita mama kwa jina langu. "Mama Kabula, mwezi jana huyu alikuwa sita na nusu. Amepungua! Na ni mtoto wa mwaka na zaidi. Unampa nini nyumbani na ng'ombe wote wale?"

Mtu mmoja aliguna. Mama alimtoa Nkwabi kwenye ndoano bila kumvua ile kaptula, akageuza uso ukutani, na nikaona shingo yake inatetemeka. Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani. Amepungua! Nani atanunua mtoto aliyepungua? Nilimbeba nikarudi nyumbani nikiimba, na mama alitembea mbele yangu bila kugeuka, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilidhani vumbi limemwingia.

Nyumbani bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa siku zile, kwa sababu baba alikuwa ameshusha ng'ombe bondeni kufuata majani. Mama alipomweleza, bibi aliweka chini kibuyu alichokuwa akisukia maziwa.

"Wametaja mbele ya watu?"

"Wametaja."

"Kwa sauti?"

"Mpaka barabarani wamesikia."

"Mjukuu wangu anaitiwa kilo kama nyama ya mnadani?" bibi alisema. "Haendi tena. Nyie mnampeleka mtoto kwenye midomo ya watu halafu mnashangaa anakonda."

Nilimpenda bibi siku ile kuliko siku zote. Nilijua na yeye amegundua ile biashara.

Kliniki iliyofuata ikapita, sisi tuko nyumbani. Bibi alimchemshia Nkwabi mizizi, akamfunga kamba nyeusi kiunoni. Mama alimpikia uji wa mahindi, mwepesi, kwa sababu mzito aliutema. Tumbo lake halikukaa sawa hata wiki moja. Maji tulichota bondeni, kwenye kidimbwi kimoja na ng'ombe, na kila mtu aliyanywa hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeyashuku. Nywele zake zikaanza kuwa nyekundunyekundu na laini, nikamwambia mama amekuwa mzuri kama mtoto wa kizungu, na mama akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea.

Kisha mgongo wangu ukaanza kuniambia. Mtoto anayebeba mwenzake kila siku anamjua kwa mgongo kuliko kwa macho. Zamani nikikimbia naye alinivuta nyuma, alinipiga kwa visigino, alinilowesha, alininyonyoa nywele. Sasa nilikuwa nakimbia na kitenge tu. Nilisimama katikati ya njia nikapeleka mkono nyuma kuhakikisha yumo. Yumo. Nikatembea kidogo, nikasimama tena. Niliogopa, na sikujua ninaogopa nini, maana kwa hesabu zangu wepesi wake ndio uliokuwa usalama wake.

Nesi Adela alikuja jioni moja, baiskeli ikimlilia kwa kukosa grisi. Alimsalimia bibi kwa Kisukuma, na kwa kutojua akatumia salamu ya asubuhi wakati jua linazama. Bibi alitaka kukasirika akashindwa, akacheka. Akaletewa kigoda, akaletewa maziwa mgando. Akanywa mpaka mwisho, na mimi nilikaa nyuma ya mama nimemkumbatia Nkwabi, kwa sababu nilijua mnunuzi akija mpaka nyumbani hakuna tena pa kukimbilia.

"Mtoto wetu anaendeleaje, bibi?" nesi aliuliza.

"Yupo."

"Anakula?"

"Yupo."

"Bibi, mimi ni binti yako, usinichukie. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Sisi hatufichi," bibi alijibu. "Sisi hatutangazi. Wewe umetaja uzito wa mtoto kibarazani, watu wamejaa. Mbona uzito wako hujautaja?"

Niliona nesi anatazama raba zake. Halafu hakusema habari ya kilo tena. Alitoa mfukoni utepe mwembamba wa rangi, akaomba ruhusa kwa mama, akauzungusha kwenye mkono wa Nkwabi karibu na bega, taratibu sana. Hakutaja namba. Alimgeuzia bibi aone mwenyewe.

"Bibi, hapa hatuhesabu. Ni rangi tu. Kijani ni mzima. Njano ni wa kuangaliwa."

Bibi aliinama. Alikuwa ameishi maisha yake yote akisoma rangi langoni mwa zizi.

"Hii ni nyekundu," alisema.

"Ndiyo, bibi. Nyekundu."

Kisha bibi akaufungua ule utepe kwa vidole vyake, akaufunga tena mwenyewe upya, kana kwamba nesi amekosea. Nyekundu. Akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona bibi yangu amepatwa na hofu. Ndipo na mimi nikalia bila kuambiwa.

"Nikimpima nikamwambia mama yake sikioni," nesi alisema, "bila mtu mwingine kusikia, mtamleta?"

"Na yule wako wa dirishani?"

"Kadi nitaandika mwenyewe."

Bibi alifikiri. "Maandishi hayana sauti," alisema. "Nendeni kesho."

Walikwenda alfajiri, na mimi nikawafuata kwa nguvu. Kibarazani wanawake walituona wakageuka, wakisubiri. Nkwabi akapachikwa, ndoano ikalia, mshale ukacheza ukatulia. Nesi Adela, mwenye sauti ya ng'ambo ya mto, alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja kati ya mdomo wake na sikio la mama, akanong'ona. Mama aliitikia kwa kichwa. Basi. Wanawake wakatazamana. Aliyefuata, mwenye mtoto aliyejikunyata, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nisemee sikioni, nesi." Na wa nyuma yake pia. Siku ile foleni ilikwenda polepole mpaka jua likawa utosini, na hakuna aliyelalamika.

Tulirudi na chakula dawa, vile vipakiti vyenye ladha ya karanga tamu. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinazosagwa sokoni Mpanda, ninasimama. Nesi alimfundisha mama kuponda karanga na kuzitia kwenye uji, kuongeza maziwa na yai, na kuchemsha maji ya kunywa hata kama bibi anasema maji yaliyochemshwa yamekufa. Bibi alisema hivyo hivyo kweli, halafu yeye ndiye aliyekaa na sufuria akihakikisha yanatokota. Kila mama alipotoka kliniki, bibi alimngojea mlangoni.

"Mizani imesemaje?"

"Yupo," mama alijibu.

Na bibi alimsoma usoni, akaridhika au akaguna, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa na mizani yangu. Siku moja tunatoka bondeni kuchota maji, Nkwabi alinivuta nyuma. Kisigino kikanipiga ubavuni. Nikatembea hatua chache, mabega yakauma, nikalazimika kusimama nimpandishe juu na kukaza kitenge. Amekuwa mzito. Nilifika nyumbani nikilia kwa kwikwi, mama akaacha mchi kwenye kinu akanikimbilia.

"Nini? Umeanguka? Mtoto ameanguka?"

"Amekuwa mzito," nilisema.

"Nani?"

"Nkwabi. Amenichosha. Amekuwa mzito, mayu, sasa watamnunua!"

Ilimchukua muda kunielewa. Nilimweleza yote, dume, ndoano, mtu aliyeondoka na mguu begani, mtoto mnene wa Kifipa. Mama alikaa chini kwenye pumba. Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutenganisha, akatuvuta wote wawili mapajani na kunibusu paji la uso, jambo ambalo mama yangu hakuwa na mazoea nalo.

"Rudia tena," aliniambia. "Amekuchosha?"

"Amenichosha sana."

"Ng'wanone," alisema. "Mwanangu. Ahsante."

Kliniki iliyofuata alimweleza nesi mbele yangu, nikaona aibu ya kufa. Nesi Adela hakucheka. Alinitazama kwa makini kama mtu mzima, akaniita chini ya mizani. "Shika ndoano kwa mikono miwili. Kunja miguu." Nikashika. Mizani yote ikalia, boriti ikalia, nikaning'inia pale juu ya kibaraza nikiona vichwa vya wanawake wote na barabara na miti ng'ambo. Halafu akanishusha.

"Umepimwa," alisema. "Haya, subiri hapo mnunuzi wako."

Nikasubiri. Nilisubiri kweli, nimesimama wima. Watoto wengine wakapimwa, wakabebwa na mama zao, wakaenda. Hakuna aliyekuja. Nesi alipoona nimeanza kutabasamu akaniinamia, akaweka kiganja, akaninong'oneza uzito wangu sikioni. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo, na hapa pia sitauandika.

Nkwabi aliishi. Alikua, akachunga, akanipita urefu kabla hajabalehe na kunitania kwamba mimi ndiye niliyezuiwa kukua kwa kumbeba. Bibi alitangulia siku zake zilipotimia. Kile kibaraza kimezungushiwa ukuta sasa, na mizani wanazo za kukanyaga, zinazoandika namba kwa taa.

Mama alipougua mwaka huu, tulimpeleka hospitali mjini Mpanda. Ugonjwa ulikuwa umemla polepole, na yeye, binti wa nyumba isiyotangaza, alikuwa amenyamaza nao muda mrefu mno. Nesi, msichana mzuri mwenye adabu, alisema lazima apimwe uzito ili wajue kiasi cha dawa. Mama hakuweza kusimama. Basi Nkwabi akavua viatu, akambeba mikononi kama alivyo, na shuka yake, akapanda naye juu ya mizani. Uzito wake mwenyewe ungetolewa baadaye. Wodi ilikuwa imejaa. Wagonjwa, ndugu zao, watu na vyombo vya uji. Mama aligeuza uso ukutani, na nikaona shingo ile ile inatetemeka.

Msichana aliinama kusoma namba, akavuta pumzi ya kumtajia mwenzake aliyekuwa mezani.

"Dada," Nkwabi alisema haraka. "Samahani. Naomba uniambie sikioni."

Sijui alikumbuka nini. Alikuwa mdogo mno kukumbuka chochote. Nadhani mama alimlea hivyo tu, kidogo kidogo, bila kumweleza. Msichana alishangaa, lakini alimsogelea yule mwanaume mrefu aliyebeba mama yake, naye akainama mpaka sikio likafika, na msichana akanong'ona. Nilimwona Nkwabi anafumba macho. Akaitikia kwa kichwa. Akashuka taratibu, akamlaza mama kitandani, akamfunika mpaka kidevuni, na mama akageuka kutoka ukutani akatutazama.

Nilimngoja mlangoni.

"Mizani imesemaje?" nilimuuliza.

Nkwabi alinishika bega, mkono wake mkubwa, mzito kweli kweli.

"Yupo," alisema.